Namba ya tiketi ni anwani: dhana potofu kuhusu kuhamia mfumo mpya wa hitilafu

Mradi ukiamua kuhama mfumo wa kufuatilia hitilafu, swali la kwanza huwa: skripti (programu fupi) ya kuhamisha tutaipata wapi? Skripti ndiyo sehemu nyepesi. Chukua Wikimedia, walio nyuma ya MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia zote, ya Kiswahili ikiwemo. Novemba 2014 walitoka Bugzilla, waliyoitumia tangu 2004, wakaingia Phabricator na tiketi, yaani ripoti za hitilafu, zaidi ya 70,000.

Dhana: Namba zikibadilika hakuna hasara, maadamu maandishi yamefika.

Ukweli: Namba ya tiketi imeshatoka nje ya mfumo siku nyingi. Imo ndani ya maelezo ya msimbo wa programu, kwenye barua pepe, kwenye kurasa za wiki, na wengine wameikariri. Huko kote skripti yako haifiki. Wikimedia walikuta namba za chini za Phabricator zimeshachukuliwa na kazi zilizofunguliwa mapema, basi wakaongeza 2000 kwenye kila namba ya Bugzilla. Namba 1 ikawa T2001. Namba 12345 ikawa T14345. Leo mtu akikutana na namba ya mwaka 2009 katikati ya msimbo, anajumlisha kichwani na kuifikia tiketi bila kumuuliza yeyote. Viungo vya zamani navyo vikaelekezwa kwenye tiketi mpya. Katika uhamaji ule wote, huu ndio uamuzi ninaoupenda zaidi, na haukuwezekana ila kwa kufanywa kabla ya tiketi ya kwanza ya Bugzilla kuingizwa.

Si kila mradi unapata nafasi hiyo. CPython, programu kuu ya lugha ya Python, ilipotoka mfumo wa Roundup kwenda GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, Aprili 2022, msimbo wake ulikuwa GitHub tangu 2017, na huko maombi ya kuunganisha msimbo hutumia mfululizo mmoja wa namba na tiketi. Maelfu ya namba yalikuwa yameshatumika. Kila tiketi ikapewa namba mpya, zikatofautishwa kwa kiambishi: bpo- za zamani, gh- za sasa. Tovuti ya zamani ikaachwa ya kusomwa tu, ikielekeza msomaji kwenye tiketi mpya.

Dhana: Kila kisanduku cha fomu ya zamani kitapata mwenzake.

Ukweli: Hakipati. Fungua tiketi ya Wikimedia ya kabla ya 2014, shuka hadi mwisho wa maelezo: mara nyingi utakuta mstari wa toleo la programu na mstari wa uzito wa hitilafu, vimebandikwa kama maandishi ya kawaida. Pa kuviweka hapakuwapo, lakini havikutupwa. Nami ningefanya vivyo hivyo.

Dhana: Majina ya watu yatahama yenyewe.

Ukweli: Akaunti za mifumo miwili hazifahamiani. Maoni ya Bugzilla yaliingia kwa jina la roboti, bzimport. Mwenye maoni alipothibitisha barua pepe yake ileile, yakarudishiwa jina lake. Panga jambo hili mapema. Mtu aliyejitolea usiku wake kueleza hitilafu hatua kwa hatua anastahili kuonekana kuwa ndiye aliyeieleza.

Dhana: Tiketi za siri tutazificha tukishamaliza.

Ukweli: Dakika tano za uwazi zinatosha kuvujisha udhaifu wa usalama, na barua pepe ya taarifa ikishatoka hairudi. Ziingie zikiwa zimefichwa.

Dhana: Tukihama safari hii, tumemaliza.

Ukweli: Katikati ya 2021 kampuni iliyotengeneza Phabricator iliacha kuitunza, na jamii ikaiendeleza kwa jina la Phorge. Kwa hiyo kabla ya kuuchagua mfumo mpya, tafuta mlango wake wa kutokea. Fungua tiketi moja ya majaribio, itie kiambatisho, maoni kumi na mabadiliko kadhaa ya hali, kisha jaribu kuitoa yote uone kinachobaki nyuma.