Hazina ya Usawazishaji: maana yake kwa jamii za kaskazini mwa Kenya

Hazina ya Usawazishaji ni mfuko ulioanzishwa na Kifungu cha 204 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Serikali ya kitaifa hutakiwa kuweka humo kila mwaka nusu asilimia ya mapato yake yote, ili fedha hizo zipeleke huduma za msingi katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Katiba inataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme, kisha inaweka kipimo: huduma hizo zifikie, kadiri inavyowezekana, ubora ambao wananchi wa sehemu nyingine za nchi wanaupata kwa kawaida. Kipimo hicho ndicho kiini cha dhana yenyewe. Kusawazisha hapa si kumpa kila mtu fungu linalolingana na la mwenzake, wala si chakula cha msaada kinachogawiwa ukame unapokaza. Ni kuziba pengo linaloonekana na kupimika, kwa mfano kati ya mgonjwa wa Nyeri, katikati mwa nchi, na mgonjwa wa Wajir, kaskazini, hadi pengo hilo liishe au lipungue sana.

Pengo hilo halikuletwa na jua kali peke yake. Serikali ya kikoloni iliigeuza kaskazini kuwa eneo lililofungwa, ambalo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, chini ya sheria iliyoanza mwaka 1902. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zingezaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, usafiri na umeme. Kwa hesabu hiyo, asiye na barabara hakupewa barabara kwa sababu hakuwa nayo. Vilikuja pia vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, kati ya 1963 na 1967, na sheria za hali ya hatari zilizobaki kaskazini hadi mwaka 1991. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, safari ya takriban kilomita 500, ilikamilika zaidi ya miaka hamsini baada ya bendera ya uhuru kupandishwa.

Mgao wa Hazina ya Usawazishaji usichanganywe na ule ambao kaunti zote 47 hupata kila mwaka, ambao Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Mgao wa kaunti huendesha kazi za kila siku za serikali za magatuzi, ikiwa ni pamoja na kulipa mishahara ya wauguzi na kununua dawa, na unatumika Nairobi kama unavyotumika Mandera. Hazina ya Usawazishaji ni nyongeza juu ya huo. Serikali ya kitaifa inaweza kuitumia yenyewe moja kwa moja, au kuipitisha kwa kaunti kama ruzuku yenye masharti. Hesabu ya nusu asilimia haifanywi kwa mapato ya mwaka unaoendelea, bali kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Idhini ikichelewa, kiwango kinakadiriwa kwa mapato ya zamani ambayo aghalabu ni madogo, na hapo anayesubiri maji hupoteza bila mtu yeyote kuvunja sheria. Iwapo mapato yaliyokaguliwa ni shilingi trilioni 1, Hazina hustahili shilingi bilioni 5, ambazo si nyingi kwa nchi ambayo kaskazini yake ni pana kiasi hicho.

Swali la nani ahesabiwe kuwa ameachwa nyuma limejibiwa kwa njia mbili. Sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilichagua kaunti 14 nzima, zikiwemo Turkana, Marsabit, Mandera, Wajir, Garissa, Isiolo na Samburu, pamoja na kaunti za pwani kama Lamu, Kilifi na Kwale. Sera ya pili, ya mwaka 2018, iliacha kuhesabu kaunti na kuhesabu maeneo madogo 1,424 yaliyo ndani ya kaunti 34. Mabadiliko hayo yana haki yake, kwani umaskini hauishii kwenye mpaka wa kaunti na kijiji kisicho na kisima hakishibi kwa sababu makao makuu ya kaunti yana taa. Hata hivyo, kapu lilibaki lile lile huku mikono ikiongezeka, na kwa maoni yangu kaskazini ndiyo iliyopoteza zaidi, kwa kuwa kule kujenga kilomita moja ya barabara au kuchimba kisima kirefu kunagharimu zaidi na kunawafikia watu wachache.

Umeme unaonyesha kwa nini kutenga fedha hakutoshi. Karibu na Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na nyaya zake zinasafiri zaidi ya kilomita 400 kusini hadi Suswa kuingia katika gridi ya taifa. Familia nyingi zinazoishi kando ya mitambo hiyo hazijaunganishwa na gridi hiyo, yaani mradi unaweza kujengwa kwao bila huduma kuwafikia.

Mahitaji mengine ya kaskazini, yaani nyumba na msaada kwa vijana, hayamo katika orodha ya Kifungu cha 204, ingawa neno la Katiba ni “ikiwa ni pamoja na”, kwa hiyo mlango haukufungwa. Haki ya makazi bora imo katika Kifungu cha 43, na ya vijana katika Kifungu cha 55. Tatizo ni kwamba mipango inayotekeleza haki hizo imebuniwa kwa maisha ya mjini. Mpango wa nyumba za bei nafuu hutegemea tozo ya mishahara na mnunuzi anayelipa kidogo kidogo kila mwezi, ilhali mfugaji hana hati ya mshahara, na ardhi yake ni ya jamii, hivyo hawezi kuiweka rehani peke yake. Nyumba zinazohitajika kwa haraka zaidi pengine ni za walimu na wauguzi, maana zahanati isiyo na mahali pa kulala muuguzi hufungwa jioni. Vijana nao huambiwa wakope, lakini mikopo yenye riba haiwafai Waislamu, ambao ndio wengi katika Garissa, Wajir na Mandera. Shule zao zilipungukiwa na walimu pale wengi waliotoka kaunti nyingine walipoondoka kufuatia mashambulizi ya kundi la al-Shabaab ya 2014 na 2015.

Hazina yenyewe ina mwisho. Kifungu cha 204 hukoma miaka ishirini baada ya Katiba kuanza kutumika, yaani Agosti 2030, na sehemu kubwa ya muda huo imeishia katika kuandika sera, kusubiri fedha na kubishana mahakamani, ambako Mahakama Kuu mwaka 2019 ilibatilisha miongozo ya awali ya uendeshaji; kanuni mpya zilikuja 2021. Bunge linaweza kurefusha muda kwa idadi maalumu ya miaka, lakini sheria hiyo itahitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti. Katika Seneti kila kaunti ina kura moja, na kaunti 34 zenye maeneo yaliyoorodheshwa mwaka 2018 zinatosha na kubaki. Katika Bunge la Kitaifa, ambako idadi ya watu ndiyo inayoamua maeneo bunge, kaskazini italazimika kutafuta kura kusini.