Kiganja kimeanguka, mbona ngumi nayo haina nguvu?

Maswali haya wanafunzi wa udaktari huyauliza sana wakifika wodi ya mifupa. Tuchukue mgonjwa mmoja: kijana aliyeanguka na bodaboda, humerasi, yaani mfupa wa mkono wa juu, imevunjika katikati. Kiganja kinaning'inia. Ukimwambia akiinue, hakiinuki.

Neva gani imeumia?

Radiali, neva inayoendesha misuli ya kuinua kifundo cha mkono. Inabeba nyuzi za C5 hadi T1, yaani mizizi ya neva inayotoka kwenye uti wa mgongo shingoni na juu ya kifua, inapita kwapani, kisha inazunguka nyuma ya humerasi ikiwa imelalia mfupa kabisa. Mfupa ukivunjika hapo, neva huvutwa au kubanwa. Kukatika ni nadra. Mpime na hisia mgongoni mwa kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada.

Mbona kiwiko bado anakinyoosha?

Matawi mengi yanayokwenda kwenye trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu unaonyoosha kiwiko, huchipuka juu ya mvunjiko. Ukikuta trisepsi nayo imelegea, panda juu utafute chanzo kwapani. Magongo yasiyomtosha mtu vizuri hufanya hivyo.

Misuli ya kukunja vidole huendeshwa na neva nyingine mbili za mkono, mediani na ulna, na zote ni nzima. Iweje ashindwe kukaza ngumi?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wanatafuta jibu kwenye ramani ya neva pekee. Jaribu mwenyewe: kunja kifundo cha mkono kuelekea ndani mpaka mwisho, kisha kamata kalamu kwa nguvu zako zote. Mwenzako ataichomoa bila shida. Sasa rudisha kifundo nyuma kidogo, ukamate tena. Hapo atahangaika.

Neva zako hazikubadilika, kilichobadilika ni urefu wa misuli. Kila uzi wa msuli una sarkomia, yaani vipande vidogo vya kujikaza, zilizopangwa mfululizo, na ndani yake nyuzi za protini, aktini na miosini. Neva ikimwaga asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kwa msuli, umeme huenea kwenye uzi, kalsiamu huachiliwa na kushika troponini, protini iliyo juu ya aktini, kisha tropomiosini inayoifunika aktini husogea, na vichwa vya miosini huinasa aktini na kuivuta kwa nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Nguvu hutegemea vichwa vingapi vimepata aktini ya kunasa. Sarkomia ikifupika mno, aktini za pande mbili hupandana na kuzuiana, na miosini hugota kwenye kuta za Z, yaani mipaka ya sarkomia. Kalsiamu ipo tele, ila mvuto ni hafifu. Ikinyooshwa mno nako, vichwa vingi hukosa pa kushika.

Kano za kukunja vidole hupita mbele ya kifundo. Kifundo kikianguka, misuli yake inakuwa imefupika hata kabla ya kuanza kazi. Kumbe misuli ya nyuma ya kigasha, inayoendeshwa na radiali, hufanya kazi kila tunapokamata kitu, ili kuzuia kifundo kisikunjike. Anayekamua mashuka siku nzima huumia upande wa nje wa kiwiko, misuli hiyo inapoanzia.

Nimemwona akinyoosha vidole. Si ina maana neva ni nzima?

Hapana, huo ni mtego wa mitihani. Viungo vya mbele vya vidole hunyooshwa pia na misuli midogo ya kiganjani, inayotumia ulna na mediani. Shikilia kifundo kikiwa kimenyooka, umwambie anyooshe vidole kuanzia shinani, vinapoungana na kiganja. Hapo ndipo atashindwa.

Atapona?

Kama mfupa haukutoboa ngozi, wengi hupona bila neva kufanyiwa upasuaji. Neva inayoota upya huenda takribani milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ni suala la miezi. Kwa kawaida brakioradiali, msuli wa kigasha unaosaidia kukunja kiwiko, ndio huamka mapema. Wakati huo avae banzi linaloinua kifundo, na viungo vinyooshwe kila siku visikakamae. Banzi haliponyi neva, ila linairudishia misuli urefu wake: mpime nguvu ya kukamata kabla ya kumfunga, kisha mpime tena papo hapo akiwa amelivaa.