Mkono wa Gündegmaa unatetemeka, kama wako

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya Otryadyn Gündegmaa, mlengaji wa Mongolia, na chini yake maneno yale yale: "Dada mkono wa chuma, hatetemeki huyu!" Nimechoka. Wengi wanaoisambaza hawajui hata alishindana nini kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Ilikuwa bastola mita 25, akaondoka na medali ya fedha: pointi 792.2 dhidi ya 793.4 za Chen Ying wa China. Shaba alichukua Munkhbayar Dorjsuren, mzaliwa wa Mongolia vilevile, ila siku hiyo alikuwa na jezi ya Ujerumani.

Haya, mkono. Bastola hushikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa, na moyo unadunda. Lazima mkono ucheze. Wangu unacheza, wake unacheza. Picha imetulia kwa sababu ni picha, jamani.

Na mtetemo wenyewe si shida kubwa. Mkono mzima ukisogea milimita moja pembeni bila bastola kupinda, risasi nayo inasogea milimita moja. Bado ni pointi kumi, alama ya juu. Lakini kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu ndani ya mwanya wa kile cha nyuma, umekwisha. Kati ya vilengeo viwili kuna sentimita 22 hivi, shabaha iko mita 25, kosa linazidishwa zaidi ya mara mia. Umekosea kwa sentimita 11, na duara la kumi kwenye raundi ya taratibu lina upana wa sentimita 5. Nani kakihamisha? Kidole. Mtu anaona kilengeo kimekaa pazuri, anajiambia "sasa!", anakwapua kifyatulio.

Ndiyo maana nikifundisha naanza na bastola tupu, sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu. Bonyeza. Sarafu ikilia sakafuni, rudia.

Vitabu husema bingwa hufyatua kati ya pigo na pigo la moyo. Mimi sijawahi kujikamata nikifanya hivyo, na raundi ya kasi inakupa sekunde 3 kwa risasi: kuinua mkono, kulenga, kupiga. Moyo utauhesabu saa ngapi?

Jumamosi mwanafunzi mmoja, mkono ukimcheza kama jani, aliniuliza, "Kocha, nitaacha lini kutetemeka?" Alikuwa ametoka kubonyeza. Nikamwambia atazame mtutu wake. Sarafu bado ilikuwa imelala palepale.