Askofu Robert Wishart na viapo alivyovivunja

Kila ninapofundisha historia ya Kanisa la zama za kati, Robert Wishart huzua mjadala. Askofu huyu wa Glasgow, aliyewekwa wakfu mwaka 1273, alimwapia utii Edward I wa Uingereza, akavunja kiapo, akaapa tena, akavunja tena. Waingereza walimwita msaliti. Mimi naona msimamo wake ulikuwa mmoja tangu mwanzo, na chanzo chake ni sheria ya Kanisa.

Uskoti haikuwa na askofu mkuu. York, jimbo la askofu mkuu kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa imedai kwa miaka mingi kuwasimamia maaskofu wa Uskoti, hadi Papa Celestine III alipotamka mwaka 1192 kwamba Kanisa la Uskoti ni binti wa pekee wa Roma, bila mtu wa kati (jimbo la Galloway tu ndilo lililobaki chini ya York). Haki hiyo ilihitaji mfalme wa kuitetea. Kiti cha enzi cha Uskoti kikimezwa na Uingereza, York isingekawia kubisha hodi. Ndiyo maana maaskofu walikuwa wakaidi kuliko mabwana wengi wenye ardhi, ambao baadhi yao walikuwa na mashamba pande zote mbili za mpaka. Tena, sheria ya Kanisa yenyewe ilikubali kwamba kiapo cha kulazimishwa kinaweza kutenguliwa.

Mfalme Alexander III wa Uskoti alipofariki mwaka 1286, Wishart akawa mmoja wa walinzi sita wa ufalme. Mwaka 1297, mwaka mmoja tu baada ya Edward kuiteka nchi, aliunga mkono uasi na akafungwa. Kisa ninachokipenda kimo kwenye mashtaka ya Waingereza: eti Edward alimpa mbao za kujengea mnara wa kengele wa kanisa kuu, naye akazitumia kuunda mitambo ya kuvurumishia mawe ngome ya Kirkintilloch. Jeuri iliyoje!

Februari 1306 Robert Bruce, bwana aliyedai kiti cha enzi cha Uskoti, alimuua mpinzani wake John Comyn ndani ya kanisa la Wafransisko huko Dumfries. Kumwaga damu kanisani ni kufuru nzito, lakini Wishart alimwondolea dhambi upesi, akatoa mavazi ya kifalme aliyokuwa ameyaficha, na mwezi Machi Bruce akatawazwa kuwa mfalme huko Scone. Mwaka huohuo askofu alikamatwa kwenye ngome ya Cupar, akapelekwa Uingereza akiwa amefungwa minyororo. Wafuasi wengine wa Bruce walinyongwa. Yeye aliokolewa na daraja yake takatifu.

Edward alitaka Papa amvue uaskofu na kumweka mtu wake, lakini hakufanikiwa. Baada ya Waskoti kuwashinda Waingereza huko Bannockburn mwaka 1314, Wishart, sasa kipofu, alirudishwa pamoja na mke, binti na dada wa Bruce, na Waingereza wakarudishiwa mtu wao mkubwa aliyetekwa na Waskoti, Bwana wa Hereford. Alifariki Novemba 1316 akiwa bado askofu wa Glasgow.