Kabla ya Kutuletea Kigae cha Jumba la Rao

Tangu tuanze kuwaomba wananchi watuletee vitu vya zamani walivyo navyo majumbani ili tuviorodheshe, meza yetu imejaa vigae. Wanaovileta wana nia njema. Wengi wao walikwenda Gujarat, India, kwa matibabu, biashara au kuwaona jamaa, wakapita Bhuj, mji mkuu wa eneo la Kutch, na kurudi na kigae cha buluu na nyeupe kilichoviringishwa ndani ya kanga. Maelezo hayabadiliki: kimetoka Aina Mahal, jumba la watawala wa huko, kiliokotwa kwenye kifusi cha tetemeko la mwaka 2001, na ni cha Kiholanzi.

Tuanze na hilo la Uholanzi, kwa kuwa ndilo linalonichosha zaidi.

Aina Mahal, jumba la vioo, lilijengwa katikati ya karne ya 18, zama za Rao Lakhpatji, ndani ya Darbargadh, ngome ya watawala wa Kutch. Rao ndicho cheo cha watawala hao. Hilo neno mahal lisiwatishe: asili yake ni Kiarabu, ndilo mahali letu hili tunalolitumia kila siku.  

Aliyelibuni Aina Mahal hakuwa Mholanzi. Alikuwa Ramsingh Malam, baharia wa Kathiawar, rasi iliyo kusini mwa Kutch. Malam ni cheo cha mwongoza chombo, kutoka muallim ya Kiarabu iliyotupa sisi mwalimu. Husimuliwa huko kwamba alipokuwa kijana chombo chake kilivunjika njiani kuelekea Afrika, akaokolewa na meli ya Waholanzi, akaishi Uholanzi miaka ipatayo 18. Kule alijifunza kuyeyusha kioo, kuchoma vigae, kutengeneza saa na kusubu chuma. Aliporudi, Lakhpatji ndiye aliyemfungulia mlango. Kioo kikayeyushwa Kutch na vigae vikachomwa Kutch. Ndani ya jumba vipo vilivyoletwa kutoka nje, na vipo vilivyochomwa papo hapo kwa kuiga. Kuvitofautisha ni kazi ya kutazama udongo, rangi ya kung'arisha na mgongo wa kigae. Rangi ya buluu peke yake haithibitishi kitu.

Jumba lenyewe, ukilitazama kwa nje, halina Uzungu wowote. Ni kuta nene za mawe, na madirisha yaliyotoka nje na kufunikwa kimia cha nakshi, mambo ambayo mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa. Ulaya imefichwa ndani. Kuna chumba ambacho kuta zake ni marumaru nyeupe iliyopachikwa vioo, kati ya kioo na kioo pana mapambo ya dhahabu. Watu hudhani vioo hivyo vilikuwa vya kujitazama. Hapana. Vilikuwa vya kuzidisha mwanga: washa mishumaa michache, chumba kizima kinawaka.

Chumba ninachokipenda ni Fuvara Mahal, ukumbi wa chemchemi. Katikati pana jukwaa la vigae, na jukwaa limezungukwa na bwawa. Maji yalipandishwa kwa pampu, yakatoka kwa mirija na kurushwa juu kama manyunyu. Rao aliketi pale kati, akisikiliza muziki na mashairi. Kutch ni nchi kavu, jua lake halina huruma, na maji yanayorushwa hupoza hewa ya chumba kilichofungwa. Lakhpatji mwenyewe alikuwa mshairi, na alianzisha Bhuj shule ya kufundisha utunzi wa mashairi ya Kibraj, lugha ya kaskazini mwa India. Ukumbi ule ulikuwa na kazi, haukuwa mchezo wa tajiri aliyekosa la kufanya.

Hatua chache kutoka hapo lipo Prag Mahal, ambalo wageni hulichanganya na lile la kwanza. Huku mambo yamegeuzwa: Uzungu uko nje. Rao Pragmalji II alilianza mwaka 1865 kwa ramani ya Kanali Henry St Clair Wilkins, Mwingereza, kwa mtindo wa Kigothi wa Italia, wenye matao yaliyochongoka na mnara wa saa wa mita 45 hivi. Pragmalji alifariki kabla halijaisha. Lilikamilika mwaka 1879 chini ya mwanawe, Khengarji III. Mafundi wa Italia waliletwa, lakini waashi wa Kutch nao walikuwamo, jambo linalosahauliwa kila jumba hili linapoitwa la Waingereza.

Pragmalji huyo anatuhusu. Wakati jumba likijengwa, alitoa tangazo kwa raia zake waliokuwa Zanzibar akiwakataza biashara ya watumwa. Raia hao hawakuwa wachache: kampuni ya Jairam Shivji, yenye asili ya Mundra, bandari ya Kutch, ilishika forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi, na Tharia Topan, aliyeanzisha jengo la zahanati ya zamani pale Mizingani, alizaliwa Kutch. Kwa hiyo kigae chenye asili ya Kutch kinaweza kuwa kilifika hapa kwa jahazi miaka 150 iliyopita, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Sasa tetemeko. Lilipiga asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001, kwa kipimo cha takriban 7.7, likaua maelfu ya watu. Orofa za juu za Aina Mahal ziliporomoka; ya chini iliokolewa na leo ni makumbusho. Prag Mahal nalo liliharibika vibaya. Kifusi kilikuwapo, ni kweli. Lakini kifusi cha jumba la makumbusho si mali ya muuza duka.

Sheria ya India ya mwaka 1972 kuhusu vitu vya kale iko wazi. Kitu cha sanaa au cha ufundi chenye umri usiopungua miaka 100 ni cha kale. Kwa hati na maandiko yenye thamani ya kihistoria, ni miaka 75. Mtu binafsi haruhusiwi kukitoa nje ya nchi, awe mgeni au mwenyeji. Muuzaji wa vitu hivyo lazima awe na leseni. Adhabu ya kukitorosha ni kifungo kisichopungua miezi 6 na kisichozidi miaka 3, pamoja na faini. Ni “pamoja na faini”, si “au faini”. Watu hulisoma vibaya.

Ikiwa kitu chako ni kipya lakini kinaonekana cha zamani, kipeleke kabla ya safari kwa Idara ya Akiolojia ya India, ASI, upewe cheti kwamba si kitu cha kale. Risiti ya duka haitoshi. Neno la dereva wa teksi halitoshi. Usingoje hadi forodha ya uwanja wa ndege.

Basi ndivyo ilivyo: kama kigae chako ni cha kweli, kilitolewa India kinyume cha sheria, kama ulikitoa kihalali, si cha Aina Mahal. Wanaokasirika nikisema hivi huniuliza kina thamani gani. Ofisi yetu haitoi bei wala haithibitishi kitu kwa picha ya simu.

Vigae vya bibi, vilivyobanduliwa ukutani kwenye nyumba ya hapa hapa, vileteni. Msivisugue kwa siki kwanza. Andikeni kwenye karatasi vilikuwa nyumba gani, chumba gani, ukuta gani, na nani alivibandua.