Bakteria wanaokula petroli pasipo na hewa

Mafuta yakimwagika juu ya ardhi wengi tunajua bakteria watayala taratibu wakisaidiwa na oksijeni, ila yakizama mpaka kwenye maji ya ardhini oksijeni inaisha mapema tu, sasa nani atayala? Wapo.

Wenye shida ni benzini, tolueni na ndugu zao wa jamii ya aromatiki, kemikali zilizomo ndani ya petroli, wana pete ya kaboni sita ngumu kweli kuivunja. Penye hewa bakteria anaipachika oksijeni kwenye pete halafu anaipasua. Bila hewa hana shoka hilo. Bakteria mmoja, Thauera aromatica, anachofanya (mimi hapa ndo huwa navua kofia) anachukua fumarati, kemikali ndogo ya ndani ya seli, anaiunga kwenye mkono mdogo wa kaboni wa tolueni ulio nje ya pete, anaichongachonga hadi inakuwa kemikali iitwayo benzoili-koenzimu A, na hapo ndo karibu njia zote za kula aromatiki bila hewa zinapokutana. Kisha anaisukumia pete elektroni mbili, kazi inayomgharimu molekuli 2 za ATP (ndiyo nishati ya seli), ikishalegea ndo inakatwa.

Na badala ya oksijeni anapumua nini? Thauera anatumia nitrati, bakteria wengine salfeti, zote ni chumvi zilizoyeyuka majini. Geobacter metallireducens, aliyepatikana kwenye tope la mto Potomac kule Marekani, anatumia chuma, yani kutu ya kwenye udongo! Mwaka 1990 ndo ikaonyeshwa kwamba anaimaliza tolueni hadi inakuwa kaboni dayoksaidi.

Nje ya maabara, cheki Bemidji, Minnesota. Tarehe 20 Agosti 1979 bomba lilipasuka likamwaga lita kama milioni 1.7 za mafuta ghafi, wakasafisha lakini lita kama 400,000 zikabaki chini, na toka miaka ya 80 wanasayansi wanapafuatilia. Bakteria wa hapo wanakula kweli, chuma kwenye mchanga kinapungua, na kikiisha sehemu fulani wanaingia vijidudu wengine wanaotoa gesi ya methani. Lakini miaka zaidi ya 40 imepita na mafuta bado yapo, kwahiyo asikudanganye mtu kwamba udongo utajisafisha wenyewe keshokutwa.

Benzini hasa ni mbishi, haina ule mkono wa kuunga fumarati, so bila hewa inachelewa kuliko tolueni, na ndiyo inayosababisha kansa ya damu. Kama kisima chako kiko jirani na sheli na maji yananuka petroli, acha kuyanywa na kuyapikia, peleka sampuli maabara, na usiyachemshe ukidhani unayasafisha maana huo mvuke mtauvuta humohumo jikoni.