Prosesa Inayosubiri Data

Kila ninapoombwa ushauri kuhusu kompyuta inayosuasua, mazungumzo huanzia kwenye prosesa: ina gigahezi ngapi, ina viini (sehemu zake zinazofanya hesabu) vingapi? Maswali hayo yana maana yake, lakini katika kazi yangu ya kuharakisha programu za hesabu za kisayansi, mara nyingi zaidi nimekuta prosesa haina la kufanya kwa sababu data haijaifikia. Kasi ya kompyuta, iwe ya mezani au ya kujaza ukumbi mzima, inaamuliwa zaidi na usafirishaji wa data kuliko ukokotoaji wenyewe.

Tuchukue hesabu nyepesi: kuzidisha namba za orodha mbili ndefu, jozi kwa jozi, kisha kujumlisha majibu yote. Kila namba inachukua baiti 8, kwa hiyo kila jozi ni baiti 16 zinazopaswa kutoka kwenye RAM, yaani kumbukumbu inayoshikilia data wakati kompyuta ikifanya kazi, na zikishafika hufanyiwa operesheni 2 tu: kuzidisha na kujumlisha. Kompyuta yenye vipande viwili vya RAM ya DDR4-3200, kila kimoja kwenye njia yake, hupitisha gigabaiti 51.2 kwa sekunde hata mambo yakienda vizuri kabisa. Hizo ni jozi bilioni 3.2, yaani operesheni bilioni 6.4. Kiini kimoja cha prosesa kinachoweza operesheni 16 kwa kila mpigo wa saa, kikienda kwa gigahezi 4, yaani mipigo bilioni 4 kwa sekunde, kina uwezo wa operesheni bilioni 64. Kwa hiyo kiini hicho kimoja hutumia sehemu moja ya kumi tu ya nguvu zake, na viini vingine saba vilivyo kando yake havina cha kuongeza. Ukichomeka kipande kimoja cha RAM badala ya viwili, njia inapungua kwa nusu, na hesabu nayo hivyo hivyo.

Cray-1, kompyuta kuu iliyoanza kutumika mwaka 1976, ilikuwa na kilele cha operesheni milioni 160 kwa sekunde, kiasi ambacho leo simu ya mkononi inakizidi kwa mbali. Hata hivyo, kumbukumbu yake ilitoa megabaiti 640 kwa sekunde, sawa na baiti 4 kwa kila operesheni. Kompyuta yetu ya viini vinane inapata sehemu moja ya kumi ya baiti. Wasanifu wa siku hizo walijenga mashine yenye uwiano, na uwiano huo ndio tulioupoteza.

Kache, kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya prosesa, ipo kwa ajili ya kupunguza pengo hilo. Ombi linalokwenda hadi kwenye RAM linaweza kuchukua nanosekunde 100, yaani mipigo 400 kwa gigahezi 4, ilhali kache ya ngazi ya kwanza hujibu kwa mipigo 4 au 5. Data huingia kwenye kache kwa mafungu ya baiti 64. Ukiwa na jedwali la namba 10,000 kwa 10,000 lililopangwa safu baada ya safu, na programu yako ikalisoma kwa kushuka safuwima, kila fungu linaleta namba 8, moja inatumika, na zile saba huenda zikafutwa kabla hujazirudia. Kugeuza mpangilio wa vitanzi viwili tu (sehemu za programu zinazorudiwa, moja kwa safu na moja kwa safuwima) kunaleta tofauti ambayo prosesa mpya isingeileta.

Kompyuta kuu za leo hazijaepuka tatizo hili. Frontier, iliyoko Oak Ridge nchini Marekani, ilivuka eksaflopu 1 (operesheni bilioni bilioni moja kwa sekunde, sawa na petaflopu 1,000) mwaka 2022 katika kipimo cha Linpack, ambacho hutumia tena na tena data iliyokwisha kuingia kwenye kache. Katika HPCG, kipimo kinachofanana zaidi na kazi nyingi za kisayansi, ilipata takriban petaflopu 14, zaidi kidogo ya asilimia 1. Fugaku ya Japani, yenye petaflopu 442 katika Linpack, ilipata 16 na kuitangulia, kwa kuwa kila prosesa yake inapokea hadi terabaiti 1 kwa sekunde kutoka kwenye kumbukumbu iliyo kando yake.

Ninawaomba wasomaji wasiamini haraka ile asilimia 100 inayoonyeshwa na mfumo endeshi, kwani muda ambao kiini kinasubiri RAM nao huhesabiwa kuwa ni muda wa kazi. Pima idadi ya maagizo yanayokamilika kwa kila mpigo, kwa mfano kwa programu ya perf kwenye Linux. Idadi hiyo ikiwa chini ya 1 katika hesabu nzito, anza kuchunguza njia ya data kabla ya kufikiria prosesa nyingine.